Kutunza Sauti

Kukata ni kazi ya mkono, lakini mahali pa kukata huchaguliwa na akili. Mshonaji akitia mkasi katika kitambaa kabla ya kupima, kitambaa kizuri hugeuka vitambara. Mchinjaji asiyejua viungo vya mnyama hupasua mfupa badala ya kuachanisha kiungo. Seremala hutazama kwanza mwendo wa nyuzi za mti, ndipo aweke msumeno. Katika kazi zote hizi kitu kinachokatwa huonekana kwa macho na hushikika kwa mikono. Kikiharibika, hasara hulala mbele ya fundi na kumshuhudia. Sauti haina hali hiyo. Mlio wa ngoma hupita katika hewa, huingia katika masikio ya waliopo, kisha huwa haupo tena. Kwa muda mrefu wa maisha ya binadamu hapakuwa na kisu cha kukata kitu cha namna hiyo, kwa sababu hapakuwa na meza iliyoweza kukilaza.

Leo meza hiyo ipo na kisu hicho kipo. Kijana mwenye kompyuta ya bei ndogo aweza kulaza sauti mbele yake, akaikuza mpaka mlio wa nukta moja ukajaza kioo kizima, akaukata vipande ishirini na kuvipanga atakavyo. Ustadi huu umeenea upesi kuliko fikira juu yake. Wajuao jinsi ya kukata ni wengi. Wajiulizao kukata vyema ni nini ni wachache. Kiswahili kina neno moja liwezalo kuwa kipimo cha kazi hiyo, nalo ni kutunza. Kutunza ni kuhifadhi kitu kisiharibike. Na kutunza, ambako wengine hukutamka kutuza, ni kumpa mchezaji au mwimbaji zawadi kwa ajili ya uhodari wake. Maana ya kwanza ni haki ya kitu, na maana ya pili ni haki ya mtu. Mkataji wa sauti hudaiwa zote mbili.

Kipande cha muziki kinachotayarishwa ili kirudiwe rudiwe huitwa lupu na watu wa studio. Ni sekunde chache za ngoma, za gita au za mwimbaji, ambazo mwisho wake umefungwa na mwanzo wake kama uzi wa shanga uliopigwa fundo. Kurudia si jambo geni katika muziki. Mpiga msondo hurudia pigo lake usiku kucha na wachezaji hawachoki. Lakini mpiga msondo hurudia kwa kupiga upya. Pigo lake la mia si pigo lake la kwanza: mkono umepata joto, ngozi ya ngoma imelegea kwa umande, mchezaji hodari ameingia uwanjani na mpigaji amemwona. Lupu hurudia pigo lile lile, kwa nguvu ile ile, na kama lina kasoro, kwa kasoro ile ile. Kosa la mpigaji hupita. Kosa la lupu hukaa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuitayarisha kwa uangalifu.

Fani hii ina umri mkubwa kuliko kompyuta. Mwaka 1944, katika jiji la Kairo, Mmisri aitwaye Halim El-Dabh aliazima mashine ya kunasa sauti katika waya, akanasa sauti za wanawake katika ngoma ya zaar, ambayo ni ngoma ya kutuliza pepo. Baadaye akazichezea sauti hizo kwa mwangwi na kwa kuondoa baadhi ya milio yake, mpaka zikawa muziki mpya. Mwaka 1948, katika jiji la Paris, Pierre Schaeffer, mtumishi wa redio ya Ufaransa, alifanya jambo jingine. Mchirizi wa santuri kwa kawaida huzunguka kuelekea katikati mpaka wimbo ukaisha. Schaeffer aliufunga mchirizi uwe duara, sindano ikawa hairudi popote ila pale ilipotoka. Santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika. Kwa hiyo kipande kilichofungwa kilidumu zaidi kidogo ya robo tatu ya sekunde, kisha kikaanza tena. Katika mwaka huo huo alitunga kazi nzima kwa milio ya garimoshi.

Utepe wa sumaku ulipoenea katika studio baada ya Vita Kuu ya Pili, kukata kukawa kukata kweli kweli, kwa wembe. Utepe ulikwenda kwa mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde. Katika muziki wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja lilikuwa na urefu wa sentimita 19, yaani zaidi kidogo ya shibiri ndogo. Fundi aliusogeza utepe kwa mkono mbele ya kichwa cha mashine, akausikiliza mlio ukinguruma polepole kama mtu asemaye usingizini, akatia alama kwa kalamu, akakata mshazari, akaunga. Aliyekosea kwa nusu sentimita alikosea kwa sehemu kumi na tatu hivi za elfu ya sekunde, na kosa lilisikika. Tena utepe uliokatwa vibaya haukurudi hali yake ya kwanza. Kwa hiyo fundi wa utepe alisikiliza mara nyingi na kukata mara moja.

Kompyuta ina huruma ambayo wembe haukuwa nayo. Mkato usiopendeza hufutwa kwa kidole kimoja, na sauti ikarudi nzima kana kwamba haikuguswa. Neema hiyo ni kubwa, lakini ina mtego ndani yake. Mtu asiyeogopa kukosea huacha kusikiliza kabla ya kukata. Hukata kwanza akasikiliza baadaye, na kwa kuwa macho yake yanaona mchoro wa mawimbi katika kioo, hudhani kuwa kuona kwake ni kusikia. Mchoro wa sauti si sauti, kama ramani ya Mombasa isivyokuwa Mombasa. Mkataji mwema huanza kwa kufumba macho. Hukisikiliza kipande mara kumi, akatikisa kichwa au akagonga meza, mpaka mwili wake ujue pigo la kwanza liko wapi. Ndipo afungue macho na kutafuta katika mchoro kile ambacho sikio limekwisha kupata.

Baada ya sikio huja hesabu. Kompyuta haihifadhi sauti kama sauti. Huihifadhi kama tarakimu. Kwa kanuni iliyowekewa sahani za CD, sekunde moja ya sauti hupimwa mara 44,100. Kipande chenye mapigo 8 kikidumu sekunde 5 kamili, kila pigo huchukua sekunde 0.625, na mwendo wake ni mapigo 96 kwa dakika. Tarakimu zake katika kila mkondo wa sauti ni 220,500. Mkataji akiacha ziada ya sehemu 10 tu za elfu ya sekunde mwishoni, hapana sikio litakalolalamika katika mzunguko wa kwanza. Lakini lupu hiyo ikizungushwa pamoja na ala nyingine zisizokuwa na ziada, baada ya mizunguko 64 itakuwa imechelewa kwa sekunde 0.64, yaani zaidi ya pigo zima. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chaweza kujaa makosa kama kijaavyo nafaka.

Lipo tena jambo la kiungo chenyewe. Wimbi la sauti hupanda juu ya mstari wa kati na kushuka chini yake bila kupumzika. Likikatwa lingali kileleni, sauti hulazimika kuruka ghafula kutoka kimo kimoja hadi kingine, na mruko huo huzaa mlio mdogo mkavu, kama ukucha unaogonga bati. Mlio huo si wa ngoma wala wa gita. Ni mlio wa kisu. Kwa sababu hiyo mkato hupelekwa mahali wimbi linapovuka mstari wa kati, au sauti hufifishwa kwa muda wa sehemu tatu au tano za elfu ya sekunde, muda ambao sikio haliwezi kuutambua kuwa ni muda. Ustadi wa mkataji katika jambo hili hujulikana kwa kutojulikana.

Lupu iliyokwisha kukatwa ncha zake mbili yaweza kutumika ilivyo. Walakini ina ukaidi: haikubali mwendo mwingine ila ule iliozaliwa nao. Santuri ikichezwa kwa mizunguko 45 badala ya 33 na theluthi, mwendo huongezeka kwa asilimia 35, lakini sauti nayo hupanda kwa zaidi ya nusu-toni tano, na mzee mwenye sauti nene huimba kama mtoto. Mwendo na wembamba wa sauti vilikuwa pacha waliofungwa kwa kamba moja. Kuikata lupu vipande vidogo, pigo kwa pigo, ni njia mojawapo ya kuifungua kamba hiyo. Mwaka 1994 kampuni ya Propellerhead ya Stockholm, katika nchi ya Uswidi, ilitoa programu iitwayo ReCycle kwa ajili ya kazi hiyo, na njia yake ikafuatwa na wengi.

Programu ya namna hii hupita juu ya lupu ikitafuta kila mahali ambapo sauti hupanda kwa ghafula, kwa sababu hapo aghalabu ndipo mkono ulipogusa ngoma. Kila mahali hapo huweka alama. Mkataji hupewa kirekebishi cha kuongeza au kupunguza wepesi wake wa kuhisi. Kikipunguzwa mno, mapigo mawili hubaki katika kipande kimoja kama ndugu waliolazwa kitanda kimoja. Kikiongezwa mno, mkwaruzo wa kijiti hupewa kipande chake, na mwangwi wa chumba hudhaniwa kuwa pigo. Tena mpiga ngoma stadi hupiga mapigo mengine madogo mno, yenye kunong'ona baina ya mapigo makubwa. Hayo ndiyo yafanyayo ngoma itembee badala ya kusimama, nayo ndiyo mashine iyapuuzayo kwanza. Hapo mkataji hana budi kuziacha alama za mashine, akasikiliza na kuweka alama zake mwenyewe.

Mahali pa alama ni jambo kubwa. Alama ikitangulia mno, kipande hubeba mbele yake mkia wa pigo lililopita. Ikichelewa hata kidogo, kipande hupoteza mwanzo wake, na mwanzo ndio uso wa sauti. Schaeffer alilijua jambo hili tangu mwaka 1948. Alinasa mlio wa kengele, akaondoa nukta ya kwanza ambayo chuma hugonga chuma, akasikiliza kilichobaki. Kengele haikuwa kengele tena. Ilikuwa kama ala ya kupulizwa kwa pumzi. Sikio la binadamu humtambua mgeni mlangoni. Akiingizwa kwa dirisha la nyuma, hata mwenyeji hushindwa kumjua. Basi mkataji aondoaye mwanzo wa pigo hakuondoa sehemu ya pigo tu. Ameondoa dalili ya kwamba palikuwapo mkono, kijiti na ngozi.

Mwisho wa kipande nao una haki yake. Lupu ya mapigo 96 kwa dakika ikipunguzwa mwendo mpaka 80, kila pigo hupewa sekunde 0.75, ilhali kipande chenyewe kina sekunde 0.625 tu. Husalia pengo la sekunde 0.125, kama nafasi baina ya mbao za sakafu iliyokauka. Wengine hulijaza kwa kuurefusha mkia wa mlio. Wengine huliacha, na kimya hicho kikawa sehemu ya muziki. Mwendo ukiongezwa mpaka 120, pigo hupewa nusu sekunde, na mkia wa kila kipande hukatwa na kipande kifuatacho. Zimekuja baadaye programu ziwezazo kuinyosha au kuibana sauti yenyewe papo hapo, kama Live iliyotolewa na Ableton ya Berlin mwaka 2001. Hata hizo hutaka kuambiwa mapigo yanaanzia wapi. Chombo kimekuwa chepesi. Swali limebaki lile lile.

Vipande vikiisha kukatwa, kishawishi kikubwa huja mwishoni. Programu huchora mistari iliyonyoka, yenye nafasi sawa sawa, na kwa amri moja kila kipande huvutwa mpaka kisimame juu ya mstari wake. Kazi huonekana safi mno. Walakini mpigaji hakupiga hivyo. Pigo lake la pili lilichelewa kidogo kwa sababu alitaka lichelewe. La tatu liliwahi kwa sababu nafsi yake ilikuwa na furaha. Huko kuchelewa na kuwahi si uchafu wa muziki, bali ni mwandiko wa mtu. Hati ya mkono ikipigwa chapa, maneno hubaki na mwandishi huondoka. Ni halali mtunzi kutaka chapa, maadamu ajue kilichoondoka. Mwenye kutunza sauti hunyosha palipo na haja, akaacha palipo na uhai.

Mpaka hapa maneno yamekuwa juu ya kutunza kwa maana ya kwanza. Kuna lupu moja iliyofundisha dunia maana zote mbili, ya kwanza kwa utukufu na ya pili kwa aibu. Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ya Washington, nchini Marekani, ilitoa santuri ndogo. Uso wa kwanza ulikuwa na wimbo uitwao "Color Him Father", uliopendwa sana na kupata tuzo ya Grammy. Uso wa pili ulikuwa na muziki usiokuwa na maneno, uitwao "Amen, Brother". Katikati ya muziki huo ala zote hunyamaza, na mpiga ngoma Gregory Coleman hubaki peke yake kwa vipimo vinne, kila kipimo mapigo manne. Muda wake ni sekunde saba hivi. Vipimo viwili vya kwanza hufanana. Katika cha tatu pigo moja la ngoma ndogo hucheleweshwa. Katika cha nne pigo la kwanza huachwa tupu, kisha mapigo hukatiana njia na tasa kubwa la shaba hulia kabla ya wakati wake. Ndipo wenzake wakarejea na muziki ukaendelea.

Sekunde hizo saba zililala karibu miaka ishirini. Katika miaka ya 1980 mashine za kunasa na kukata vipande zilipowafikia vijana wa miji ya Marekani, kipande cha Coleman kiliingizwa katika mkusanyo wa santuri uliotengenezwa kwa ajili ya wacheza santuri, kisha kikaingia katika nyimbo za kufokafoka. Kikavuka bahari mpaka Uingereza. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kilipelekwa mbio, kikakatwa pigo kwa pigo na kupangwa upya kwa maelfu ya namna. Muziki uitwao jungle ulijengwa kwa sehemu kubwa juu yake. Kila mwanafunzi wa kukata alikata kipande hicho, na sababu si bahati. Sauti yake ina ukwaruzo mzuri. Mapigo yake madogo yananong'ona kati ya makubwa. Kule kuchelewa na kuwahi kwake kunampa mkataji vipande visivyofanana. Maelfu ya nyimbo yalipata uti wa mgongo kwa mkono wa mtu mmoja aliyepiga kwa sekunde saba.

Methali husema, mcheza kwao hutunzwa. Coleman alicheza kwao, na kwa watu wote pia, na hakutunzwa. Hakulipwa chochote kwa ajili ya kipande hicho. Alifariki mwaka 2006 katika jiji la Atlanta, fukara asiyekuwa na makao. Richard Spencer, kiongozi wa bendi na mwenye haki ya muziki huo, hakulipwa vile vile kwa miaka mingi. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki walifanya mchango wakampelekea pauni 24,000 hivi. Fedha hizo hazikutoka katika hukumu wala katika mkataba. Zilitoka katika dhamiri. Spencer alipokea kabla hajafariki mwaka 2020. Coleman alikuwa kaburini.

Yaweza kusemwa kwamba sheria ingetosha. Sheria ina kazi yake, lakini mwendo wake si mwendo wa muziki. Mwaka 1977 bendi ya Kijerumani ya Kraftwerk ilitoa wimbo uitwao "Metall auf Metall". Mwaka 1997 sekunde mbili hivi za wimbo huo zilitiwa katika wimbo wa mtu mwingine, zikarudiwa chini yake kama lupu. Kesi iliyofuata ilipita mahakama moja hadi nyingine, na mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hata kipande kifupi sana cha sauti iliyonaswa kina mwenyewe, isipokuwa kimegeuzwa mpaka sikio lisikitambue. Miaka ishirini na zaidi ilitumika kuzihukumu sekunde mbili. Mkataji asiye na wakili, na mpiga ngoma asiye na wakili, hawawezi kungoja muda huo ili wajuane.

Huku Afrika Mashariki jambo hili si hadithi ya mbali. Tangu miaka ya 2000 vitongoji vya Dar es Salaam vimezaa muziki wa singeli. Watayarishaji wake huchukua vipande vya taarabu na vya muziki mwingine, wakavizungusha kwa mwendo unaopita mapigo 200 kwa dakika, na waimbaji wakapanda juu yake kwa maneno ya haraka. Ni sanaa yenye akili na uchangamfu, iliyotoka kwa vijana waliokuwa na vyombo vichache na masikio makali, na mataifa mengine yamekwisha kuisikia. Lakini taarabu ni muziki wa kutunzwa. Mwimbaji akigusa moyo wa msikilizaji, msikilizaji huinuka kitini, akacheza taratibu mpaka mbele, akatoa fedha hadharani mbele ya macho ya wote. Shukrani haingojei kesho. Mwimbaji yule yule akikatwa, akazungushwa na kupelekwa mbio mpaka sauti yake ikawa nyembamba, msikilizaji hana tena mtu wa kumfuata mbele. Mkono wa tuzo hubaki hewani.

Wako watakaojibu kwa haki: kijana wa kitongoji hana fedha ya kununua idhini ya kila kipande, na kama kila sekunde itauzwa kabla ya kuguswa, sanaa ya kukata itakuwa mali ya matajiri. Fauka ya hayo, wataongeza kuwa muziki wote umejengwa kwa kuazimana. Malenga hupokea bahari na mizani kutoka kwa waliomtangulia. Mpiga udi hupokea maqamu. Hapana anayezitoza ada. Hoja hii ni nzito, nayo haistahili kudharauliwa. Lakini baina ya kupokea kanuni na kupokea mkono kuna tofauti. Malenga aliyefuata bahari ya mwenzake ametumia njia. Amekwenda kwa miguu yake. Mkataji wa lupu hakufuata njia ya Coleman tu. Amemchukua Coleman mwenyewe, na jasho lake, na chumba alimopigia, na furaha ya mkono wake siku ile. Azimaye njia husema ahsante; azimaye mtu hana budi kujua jina lake.

Deni la kwanza basi si fedha, bali jina, na deni hilo laweza kulipwa hata na fukara. Mafaili ya lupu yaliyotapakaa duniani huandikwa mwendo wake, 96 au 120 au 170. Huandikwa ufunguo wake wa muziki. Huandikwa neno moja la kusifu uzito wake. Aghalabu mtu aliyepiga haandikwi. Tarakimu hutunzwa na mtu husahauliwa, kwa kuwa tarakimu husaidia kazi ya kesho na mtu ni wa jana. Lau kila mkataji angeandika katika jina la faili lake nani alipiga, katika muziki gani, mwaka gani, faili hilo lingesafiri na nasaba yake kama mtoto asafirivyo na jina la baba. Hapo anayefaidi angejua amdai nani shukrani, na anayedai angejua ambishe mlango gani. Idhini huombwa kwa mwenye jina. Fungu hugawiwa mwenye jina. Hata sheria, kama ile ya hakimiliki na hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, humlinda kwa shida mtu asiyetajwa.

Desturi hiyo si ngeni katika fasihi ya pwani. Watunzi wengi wa tenzi walitaja majina yao katika beti za mwisho, ili msomaji ajue kazi imetoka kwa nani na amwombee dua. Mnakili mwaminifu alipoziandika tena kwa mkono wake, hakuzikata beti hizo kwa kisingizio cha kufupisha. Mnakili alijua kuwa kalamu yake imeazima pumzi ya mtu mwingine, na kwamba kuliondoa jina ni kuondoa sehemu ya utenzi.

Hapo ndipo maana mbili za kutunza hukutana. Kuhifadhi mwanzo wa pigo, usikatwe ukakosa uso, na kuhifadhi jina la aliyepiga, lisikatwe likakosa mwenyewe, ni tabia moja inayofanya kazi mahali pawili. Mkataji mwenye papara hupoteza vyote viwili kwa mkato mmoja: huanza kipande baada ya pigo kuanza, na huanza historia baada ya mtu kuondoka. Mkataji mwenye makini husogeza alama yake nyuma kidogo, na kidogo tena, mpaka aisikie ile nukta ambayo kijiti kinagusa ngozi. Nukta hiyo ni ya mtu. Akiisha kuipata, na aandike ni ya nani kabla hajafunga faili.